Kipindi cha tmux kimepotea: kimekufa, au kiko hai na hukioni?

Unatumia tmux, programu inayoziacha sheli zako zikiendelea hata ukifunga terminali, katika mkusanyiko wa madirisha unaoitwa kipindi. Umeandika `tmux attach` ukitarajia kukuta madirisha yako yote kama ulivyoyaacha, na jibu unalopata ni `no sessions`, au lile refu zaidi la `error connecting to /tmp/tmux-1000/default (No such file or directory)`. Wengi hapo hukimbilia kubonyeza vitufe vya kurejesha vya programu-jalizi, au huandika `tmux` tupu ili waanze upya. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kwanza. Kuna swali moja la kujibu kabla ya kugusa chochote: je, kipindi kile bado kinaishi ndani ya mashine, ila wewe ndiye hukioni, au kimeshakufa na unachotaka ni kukijenga upya kutokana na rekodi iliyoandikwa kwenye diski? Ni shida mbili tofauti kabisa. Dawa ya moja haitibu nyingine, na kuna wakati huiharibu.

Kipindi kinaishi wapi

tmux ilianzishwa na Nicholas Marriott mwaka 2007, miaka 20 baada ya GNU Screen kutoka na wazo hilohilo: kazi yako isiitegemee terminali uliyoifungua. Ndani yake kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni seva, mchakato unaokaa nyuma na kushikilia kila kitu: sheli zako, kihariri chako, programu inayochakata data tangu asubuhi. Upande wa pili ni mteja, ambaye kazi yake ni kuchora kwenye skrini anachoambiwa na seva na kuipelekea herufi unazobonyeza. Wawili hao huongea kupitia soketi, faili maalumu ambalo kwa kawaida hukaa kwenye `/tmp/tmux-1000/default`. Hiyo 1000 ni namba yako ya mtumiaji. Ya kwako utaiona ukiandika `id -u`.

Kwa hiyo ukifunga dirisha la terminali, au SSH (muunganisho wako na mashine ya mbali) ikikatika, anayekufa ni mteja peke yake. Seva ilijitenga na terminali hiyo tangu ilipoanza, na ishara ya SIGHUP inayotumwa terminali inapofungwa haiifikii. Lakini yote inayoyashikilia yamo kwenye RAM. tmux yenyewe haiandiki kipindi chako kwenye diski hata kidogo. Mashine ikizimwa, kipindi kimekwisha, na chochote kitakachorudi baadaye kitakuwa kimejengwa na kitu kingine.

Basi kwanza tafuta seva:

```
pgrep -u "$USER" -l tmux
```

Kwenye Linux, seva iliyo hai itajitokeza kama `tmux: server` ikiwa na namba ya mchakato wake mbele. Chukua namba hiyo, tuseme ni 1234, kisha uulize ilianza lini:

```
ps -o lstart= -p 1234
```

Ikiwa ilianza kabla ya kipindi chako kupotea, pumua. Kazi yako ipo. Ikiwa ilianza dakika chache zilizopita, hiyo ni seva mpya, pengine uliyoianzisha wewe mwenyewe ulipoandika `tmux` kwa haraka.

Iko hai, lakini hukioni

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kubisha mlango usio wake. Huenda kipindi ulikianzisha kwa `sudo`, na soketi yake iko kwenye `/tmp/tmux-0`, folda ya mtumiaji mkuu (seva hiyo utaiona kwa `pgrep -u root -l tmux`). Huenda ulikianzisha kwa `tmux -L kazi`, na soketi yake inaitwa `kazi`, si `default`. Orodhesha `/tmp/tmux-1000/` uone kuna soketi ngapi, kisha uliza kila moja kwa jina lake, mfano `tmux -L kazi ls`. Kigeu cha mazingira `TMUX_TMPDIR` nacho huhamisha folda nzima, na kikiwa kimewekwa kwenye faili la mipangilio linalosomwa na sheli moja na kurukwa na nyingine, utaona kipindi ukiingia kwa njia moja na usikione ukiingia kwa nyingine. Usisahau kuandika `hostname` pia. Mifumo mingi mikubwa ina mashine kadhaa za kuingilia zinazotumia jina moja, na kila ukiingia unaweza kupelekwa kwenye mashine tofauti. Folda yako ya nyumbani ni ileile kote, lakini `/tmp` na RAM ni za kila mashine peke yake.

Hali ya pili inatisha zaidi ingawa tiba yake ni nyepesi: seva ipo, soketi haipo. Programu za kusafisha `/tmp`, au mtu aliyeifuta folda hiyo kwa mkono, wanaweza kuiondoa soketi huku seva ikiendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Seva haina mlango tena, basi. Iambie iutengeneze upya:

```
mkdir -p -m 700 /tmp/tmux-1000
kill -USR1 1234
```

Neno `kill` lisikuogopeshe. Hapa linatuma ishara tu, na seva ya tmux ikipokea USR1 hutengeneza soketi yake upya. Hata hivyo, hakikisha namba uliyoandika ni ya seva. Hapa ndipo ile amri ya `tmux` tupu inapoleta madhara: ukiiandika soketi ikiwa imefutwa, seva ya pili inazaliwa na kukaa kwenye anwani ileile, na sasa una seva mbili zinazogombea mlango mmoja.

Hali ya tatu hutokea baada ya kusasisha mfumo. Programu ya tmux kwenye diski ni mpya, seva iliyo kwenye RAM ni ya zamani, na mteja mpya anakataliwa kwa ujumbe kama `protocol version mismatch (client 8, server 7)`. Ushauri utakaosikia mara nyingi ni kuua seva na kuanza upya. Ukweli ni kwamba huhitaji kuua chochote, angalau kwenye Linux, kwa sababu programu ya zamani bado inafikika kupitia mchakato wenyewe hata kama faili lake lilishafutwa:

```
/proc/1234/exe attach
```

Hapo umeingia ukiwa na mteja wa toleo lilelile la seva. Maliza kazi yako kwa utulivu, kisha ndipo uifunge seva ya zamani kwa wakati unaokufaa.

Kuna pia kipindi kinachorudi kikiwa nusu mgonjwa. Umeingia, madirisha yote yapo, lakini `git push` inalalamika kwamba haina ufunguo, au programu ya kidirisha inasema haioni skrini. Sheli zilizomo ndani zilizaliwa na vigeu vya mazingira vya siku ile, `SSH_AUTH_SOCK` na `DISPLAY` vikiwa mojawapo, na vigeu hivyo vinaelekeza kwenye muunganisho uliokufa zamani. tmux husasisha orodha fulani ya vigeu kila mteja anapoungana, orodha inayodhibitiwa na chaguo la `update-environment`, ila thamani mpya huingia kwenye vipande (sehemu za dirisha, kila moja na sheli yake) vitakavyofunguliwa baadaye tu. Hakuna programu inayoweza kubadilisha mazingira ya sheli iliyokwisha kuanza kutoka nje. Ndani ya kipande chenye shida andika:

```
eval "$(tmux show-environment -s)"
```

Na ikiwa dirisha limejaa nukta pembeni na maandishi yamebanwa kwenye kona, kuna mteja mwingine mwenye skrini ndogo ambaye bado ameunganishwa. `tmux attach -d` itawatoa wengine wote na kukuachia nafasi.

Imekufa, na nani kaiua

`pgrep` isipotoa kitu, linganisha na `uptime`. Ikiwa mashine iliwashwa upya, jibu unalo. Ikiwa haikuwashwa upya, kuna aliyeiua seva, na kama hujamjua ataiua tena kesho.

Mtuhumiwa wa kwanza kwenye Linux ni systemd, programu inayosimamia michakato ya mfumo. Toleo la 230, la mwaka 2016, lilibadilisha chaguo-msingi la `KillUserProcesses` kuwa ndiyo: mtumiaji akitoka, michakato yake yote inauawa, tmux ikiwemo. Mabadiliko hayo yalipingwa vikali, na baadhi ya wasambazaji wa Linux, Debian wakiwemo, waliyarudisha kuwa hapana. Msambazaji mwingine aliyeyaacha, au msimamizi aliyeyawasha mwenyewe, ndiye atakayekufanya uamini kwamba tmux ni mbovu. Dalili yake ni ya wazi: kipindi kinavumilia SSH ikikatika kwa muda mfupi, lakini ukitoka kwa `exit` na kurudi hukikuti. Ruhusu michakato yako ibaki, kisha uanzishe tmux nje ya eneo la kuingia kwako:

```
loginctl enable-linger
systemd-run --user --scope tmux
```

Amri ya kwanza bila ya pili haitoshi pale `KillUserProcesses` ikiwa imewashwa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mtuhumiwa wa pili ni uhaba wa RAM. Kiini cha Linux kikiishiwa huchagua mchakato na kuuua. `journalctl -k | grep -i "killed process"` itakuonyesha jina la marehemu na saa.

Kujenga upya kutokana na rekodi

Sasa tuko upande wa pili kabisa. Ikiwa hukuwa umesakinisha chochote cha kuhifadhi vipindi, hakuna cha kurejesha, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kupoteza jioni nzima ukitafuta. Ikiwa ulikuwa na tmux-resurrect, programu-jalizi ya kuhifadhi vipindi iliyotolewa na Bruno Sutic, una faili la maandishi la kufanyia kazi. Kuhifadhi ni kitufe cha kiambishi (kile unachotanguliza kabla ya amri za tmux, kwa kawaida `Ctrl-b`) kisha `Ctrl-s`, kurejesha ni kiambishi kisha `Ctrl-r`.

Lifungue faili lenyewe, maana ukiliona mara moja mambo mengi yanajieleza. Tafuta kwenye `~/.local/share/tmux/resurrect/`, au kwenye `~/.tmux/resurrect/` kama usakinishaji wako ni wa zamani. Utakuta mafaili yenye majina ya mfano wa `tmux_resurrect_20250310T091500.txt`, na kiungo kimoja kinachoitwa `last` kinachoelekeza kwenye mojawapo. Ndani, kila mstari unaanza na neno la aina yake. Mstari wa `pane` una jina la kipindi, namba ya dirisha, folda kilipokuwa kipande, na amri iliyokuwa ikiendeshwa humo. Mstari wa `window` una mpangilio wa vipande. Mstari wa `state` unasema ulikuwa ukitazama kipindi kipi. Basi. Ni mchoro wa nyumba, na `Ctrl-r` ni fundi anayejenga nyumba nyingine kwa mchoro huo. Samani na watu waliokuwemo havimo kwenye karatasi.

Kwa hiyo ujumbe wa `Tmux resurrect file not found!` una maana nyembamba sana: kiungo cha `last` hakipo au kinaelekeza kwenye faili lisilokuwepo. Mara nyingi mafaili mengine yote yapo palepale. Kuna pia hali ambapo hakuna ujumbe wowote wala hakuna kinachorejea, na hapo angalia ukubwa: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili la mwisho linaweza kubaki tupu, baiti 0, huku `last` ikilielekea kwa uaminifu.

Hali ninayoiona kuwa chungu kuliko zote ni ile ambapo rekodi ni nzima lakini si ile unayoitaka. Mashine imewashwa upya. Umefungua tmux, ukapata dirisha moja tupu, ukaanza kufanya jambo lingine. Kama una tmux-continuum, programu-jalizi mwenza inayohifadhi yenyewe kila baada ya dakika 15, dirisha hilo moja tupu litahifadhiwa na `last` itahamia kwenye rekodi hiyo mpya. Baadaye unabonyeza `Ctrl-r` na kurejeshewa utupu. Hujapoteza kitu, ili mradi usiendelee kubahatisha. Ingia kwenye folda na uyapange mafaili kwa wakati na ukubwa:

```
ls -lt
```

Lile lenye ukubwa wa kueleweka, kabla tu ya mafaili madogo kuanza, ndilo lako. Lisome kwa `less` uhakikishe, kisha ukielekeze kiungo kwake na kurejesha:

```
ln -sf tmux_resurrect_20250310T091500.txt last
```

Tarehe zinaweza kukuchanganya kidogo. resurrect ikikuta kwamba hali ya sasa haina tofauti na iliyohifadhiwa mara ya mwisho, hulitupa faili jipya. Faili la jana jioni linaweza kuwa ndilo sahihi kabisa kwa leo mchana kama hukufungua wala kufunga chochote. Na rekodi zenye umri wa zaidi ya siku 30 hufutwa, ingawa 5 za mwisho huachwa hata zikiwa nzee.

Jambo jingine linalodhaniwa kuwa hitilafu: `Ctrl-r` haigusi vipande ambavyo tayari vipo. Ukirejesha ndani ya seva yenye kipindi cha jina lilelile na madirisha ya namba zilezile, resurrect itaviruka, na utaona mchanganyiko wa vipya na vya zamani. Isipokuwa kipande kiwe kimoja tu katika seva nzima. Hapo ndipo kitafunikwa. Rejesha ukiwa na seva iliyoanza sasa hivi, yenye dirisha moja.

Kuhifadhi kwenyewe kulikokoma kimyakimya

continuum inastahili aya zake, kwa sababu ikiharibika haisemi, na mtu hugundua siku ile ya msiba. Haina mchakato wake wa pembeni wala saa yake. Inachofanya ni kupachika amri ndogo ndani ya mstari wa hali, ule ulio chini ya skrini, na kila tmux inapouchora upya mstari huo, amri inaendeshwa na kuangalia kama muda umefika. Ukilielewa hilo, sababu zote za kukoma kwake zinaonekana zenyewe. Umezima mstari wa hali: haihifadhi. Hakuna mteja aliyeunganishwa: hakuna anayechorewa mstari, haihifadhi. Umeweka mandhari ya rangi inayoandika upya `status-right` baada ya continuum kupakiwa: ile amri imefutwa, haihifadhi. Kagua hivi:

```
tmux show -g status-right
```

Kama hulioni jina `continuum_save.sh` popote kwenye jibu, haifanyi kazi, hata mipangilio yako iseme nini. Dawa ni kuihamisha continuum iwe programu-jalizi ya mwisho kwenye `.tmux.conf`, na kuhakikisha hakuna mstari wa `status-right` unaofuata baada yake.

Kurejesha kwenyewe kunakowashwa na `@continuum-restore` kuna masharti yake. Hutokea seva inapoanza tu. Kuipakia mipangilio upya ndani ya seva iliyo hai hakurejeshi kitu. Kama kuna seva nyingine ya tmux inayoendeshwa, hata ile uliyoisahau chini ya `-L`, continuum hujizuia, haihifadhi wala hairejeshi kwenye hiyo ya pili. Na faili tupu lenye jina `~/tmux_no_auto_restore`, ambalo pengine uliliweka ulipokuwa ukichunguza tatizo jingine, litaendelea kuizuia mpaka ulifute.

Madirisha yamerudi, programu hazijarudi

Hapa lawama nyingi hazina msingi. resurrect kwa kawaida huanzisha upya programu chache salama tu: `vim`, `nvim`, `emacs`, `man`, `less`, `tail`, `top`, `htop` na nyingine za aina hiyo. Kipande kilichokuwa kikiendesha kitu kingine kitarudi na sheli tupu kwenye folda sahihi. Ukitaka zaidi, zitaje kwenye `@resurrect-processes`. Programu zinazopitia mkalimani zinahitaji alama ya `~`, kwa sababu kwenye orodha ya michakato hazionekani kwa jina ulilolizoea. Unaandika jina fupi, mfumo unaona `node` ikifuatiwa na njia ndefu ya faili, na ulinganishaji wa neno kwa neno unashindwa. Alama ya `~` inasema itafutwe popote ndani ya amri nzima.

Kuna chaguo la `:all:` linalorejesha kila kitu. Siliungi mkono. Rekodi haijui kama amri iliyokuwa ikiendeshwa ni ya kusoma au ya kufuta, na kuanzisha upya kiotomatiki hamisho la hifadhidata lililokatikia katikati ni jambo la kukuharibia wiki.

Ikitokea programu imetajwa vizuri na bado hairudi, au inarudi ikiwa imekatwa herufi za mwanzo, tazama namna inavyoanzishwa: resurrect huiandika amri ndani ya kipande kana kwamba ni wewe uliyebonyeza kibodi. Sheli inayochelewa kuamka, au inayouliza swali la ndiyo au hapana kabla ya kukupa nafasi ya kuandika, itazimeza herufi hizo kama jibu. Fungua sheli mpya na uone kama kuna chochote kinachosubiri jibu lako.

Maandishi ya zamani yanayorudi ukiwasha `@resurrect-capture-pane-contents` ni maandishi tu. Matokeo ya amri yapo, mchakato ulioyatoa haupo. Na vim hurudi bila mafaili uliyoyafungua ukiwa ndani yake mpaka iwe na `Session.vim` kwenye folda hiyo, pamoja na `@resurrect-strategy-vim` ikiwa imewekwa kuwa `session`.

Kwa vipindi ambavyo umbo lake halibadiliki siku hadi siku, mimi naona rekodi si njia bora. Hati fupi ya sheli inafanya kazi hiyo bila kutegemea hali ya diski wakati umeme unakatika:

```
#!/bin/sh
if ! tmux has-session -t '=kazi' 2>/dev/null; then
  tmux new-session -d -s kazi -n hariri -c ~/mradi
  tmux send-keys -t kazi:hariri 'vim' Enter
  tmux new-window -t kazi: -n majaribio -c ~/mradi
  tmux select-window -t kazi:hariri
fi
tmux attach -t kazi
```

Alama ya `=` inalazimisha jina lilingane lote. Bila hiyo, kipindi kinachoitwa `kazi-ya-zamani` kingetosha kuifanya tmux iamini kwamba `kazi` ipo, na ungeishia kuingizwa kwenye kipindi kisicho chako cha leo.